Nguzo ya Kati

Zulia la sebuleni lilikuwa bado linatema maji kila lilipokanyagwa, kwa hiyo Inspekta alivua viatu, akapandisha suruali juu ya vifundo na kuingia pekupeku. Koplo alibaki mlangoni na buti zake.

"Afande, kuna vioo humo."

"Naviona. Wewe simama hapo hapo, uandike ninayokwambia."

Chumba kilinuka chumvi na mbao zilizolowa. Tangi la kioo, lililokuwa refu kama kitanda cha mtu mzima, lilikuwa vipande sakafuni. Stendi iliyolibeba ilikuwa imeinama mbele ya ukuta kama ng'ombe aliyepiga magoti ya mbele akakataa kuinuka. Juzi mchana tangi hilo lilikuwa limejaa maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai na samaki wa rangi zote. Kisha stendi, ambayo ilikuwa bado mpya, ikashindwa, na mzigo wote ukamwangukia mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa mpiga picha mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Picha, kwa kuwa hapakuwa na harusi wala mahafali ambayo hakuyapiga picha. Sasa alikuwa wodini, mguu wa kulia umesagika, na tangu atolewe chumba cha upasuaji hakuwa amesema neno. Aliyeitengeneza stendi alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, seremala mwenye karakana nyuma ya soko. Huyo alikuwa rumande. Hakukimbia wala hakukana. Askari walimkuta amesimama papo hapo sebuleni, suruali imelowa mpaka magotini, anayatazama mabaki. Alisema maneno machache tu: "Stendi nimeitengeneza mimi. Andikeni hivyo."

Mkuu wa kituo aliridhika. Fundi kalipua kazi, mtu kaumia, fundi kakiri. Kama mzee angekufa, shtaka lingegeuka kuwa la kuua bila kukusudia.

"Hicho ndicho kinachonisumbua," Inspekta alimwambia Koplo huku akichuchumaa. "Umewahi kumwona fundi asiyeitetea kazi yake? Mwambie mlango aliokutengenezea unakwama kidogo, atakwambia ni mvua, ni jua, ni nyumba yako imekaa upande. Huyu anaambiwa kazi yake imemvunja mtu mguu, ananyamaza."

"Labda dhamiri inamsuta, afande."

"Labda. Andika: viungo."

Aliipapasa stendi kona baada ya kona. Kila ubao ulikuwa na ulimi ulioingia kwenye tundu la ubao mwenzake, ukafungwa kwa gundi na kijiti cha mbao ngumu. Alijaribu kuvitikisa. Havikutikisika. Hata baada ya kuanguka na mzigo wa karibu tani nzima, kona zote nne zilikuwa zimeshikana kama meno na fizi.

"Andika: viungo vizima, vyote. Sasa rangi."

Rangi nyeupe nzito, ya kuzuia maji, ilipakwa kila mahali. Inspekta aliingiza kioo kidogo chini ya miguu ya stendi, mahali ambapo hakuna binadamu angewahi kupaona. Napo palikuwa peupe.

"Mtu anayepaka rangi mpaka kwenye nyayo za kabati," alisema, "halafu alipue kazi?"

Koplo aliinamia daftari. Aliandika.

Inspekta alipofika kwenye ubao wa juu, ule uliobeba tangi, mkono wake ulisita. Ubao huo haukupakwa rangi nyeupe bali vanishi ya kung'aa, na kwenye ukingo wake wa mbele palikuwa na misumari midogo ya shaba, iliyopangwa kwa nafasi sawasawa, mmoja kila inchi, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Misumari hiyo aliijua. Aliwahi kusimama juu yake.

Alikuwa msichana wa darasa la kwanza, ameshikwa kiuno na mikono miwili yenye harufu ya pamba mpya, akainuliwa juu ya meza ya kukatia nguo ili apimwe sare. Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni na bado aliweza kuongea na kucheka. "Usipumue, nitakushonea gunia," alimwambia. Mama yake Inspekta alikuwa akicheka pembeni, na redio ikiimba, na pindo la sketi likaachwa refu ili literemshwe kila mwaka anaporefuka. Sketi hiyo ilimfikisha darasa la nne.

"Ni meza ya mama," sauti ilisema.

Binti wa Mzee Picha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa alikofanya kazi.

"Namkumbuka," Inspekta alisema. "Alinishonea sare."

"Alimshonea kila mtu." Binti alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamponyoka. "Alipofariki, mjomba aliibeba meza akaenda kuiweka karakana. Watu walitaka kuinunua, akakataa. Alisema haiguswi mpaka upatikane mzigo unaoistahili. Tangi hili walilianza mama na baba. Stendi ya zamani ilipoanza kuoza, ndipo mjomba akasema, haya, mzigo umepatikana."

"Tangi lilipoanguka ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilisikia kishindo, nikatoka mbio, nikamkuta baba chini."

Alilisema haraka, kwa maneno yale yale aliyoyasema kituoni. Inspekta aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye stendi. Binti akarudi jikoni.

Ilikuwa miguu ya mbele iliyobakiza swali. Nyuma palikuwa na miguu mitatu: wa kushoto, wa kati, wa kulia. Mbele palikuwa na miwili tu, na katikati yake, chini ya boriti, kilining'inia kisiki kifupi kama kidole. Sakafuni, kwenye ubao wa chini, palisimama kisiki mwenzake. Kati ya visiki hivyo hapakuwa na kitu.

"Koplo, kwenye mabaki mliyoyakusanya, kuna kipande cha mguu?"

"Hapana, afande. Kuna vioo, mawe, pampu, na ndala moja ya kike. Ndala ilibanwa humo ndani, nyuma ya tangi dogo la kuchujia maji. Hamna kipande cha mguu."

Inspekta alimulika tochi kwenye kisiki cha juu. Mbao ikivunjika huacha nyuzi na vibanzi. Hii ilikuwa laini kama kipande cha jibini, na haikuwa na rangi. Mbao tupu ilikuwa imekunywa maji ya chumvi ikavimba. Juu kidogo ya mkato ulionekana mstari wa penseli, umezungushwa pande zote nne. Kwenye kisiki cha chini, mstari kama huo, na chini ya mstari hapakuwa na alama. Lakini ukingoni mwa mkato, kwenye rangi, ulibaki mkia wa alama nyingine: mkono mmoja wa msalaba mdogo, uliokatwa na msumeno.

"Nguzo ya kati haikuvunjika," alisema. "Ilikatwa. Na ilikatwa baada ya rangi kukauka."

Badala yake, mtu alikuwa ameweka ubao wa kulala, yaani wa mlalo, chini ya boriti ya mbele, ameufunga kwa skrubu. Skrubu zilikuwa zimechomoka na kuacha matundu yaliyochanika.

Ukutani, picha zilijaa kama vigae. Inspekta alizipitia moja moja. Kulikuwa na fundi cherehani akiwa kijana, amepiga magoti juu ya magazeti, anaunganisha vioo vya tangi dogo kwa gundi. Gundi nyingine imemshika nyweleni na anamcheka mpiga picha. Kulikuwa na msichana wa miaka minane au tisa, ameshika msumeno mdogo, na nyuma yake mwanamume kijana wa misuli, anamwelekeza kiwiko. Na karibu na dirisha ilikuwapo picha mpya: stendi imekamilika, nyeupe, tupu, tangi halijawekwa. Seremala yuko kushoto, amenuna kama watu wanaojivunia wasitake ijulikane. Binti yuko kulia. Katikati yao nguzo ya kati imesimama wima, haijakatwa.

Inspekta aliitoa picha ukutani. Kisha aliinama akalipima kwa shubiri tangi dogo la kuchujia, lililosalimika ndani ya mabaki. Lilikuwa na gundi iliyovimba viungoni, kazi ya mkono. Ni lile la kwenye picha, lililounganishwa juu ya magazeti. Alipima pia nafasi iliyokuwapo baina ya nguzo ya kati na mguu wa pembeni.

"Koplo, tangi hili limezidi mlango wake kwa shubiri nzima. Lingeingiaje humu kama nguzo ya kati ipo?"

Koplo aliinua kichwa. "Haliwezi kuingia."

"Haliwezi. Basi aliyekata nguzo hakutaka kuangusha kitu. Alitaka kuingiza kitu."

Simu yake iliita. Alikuwa daktari wa upasuaji. Mzee alikuwa na homa, usiku wa leo ndio ungeamua. Halafu daktari akaongeza jambo lililokuwa likimtatiza.

"Mtu akiangukiwa na kitu, mfupa huvunjika pale kilipompiga. Huyu mfupa umepondeka kutoka juu kwenda chini, goti hadi kifundo. Kama mtu aliyebeba, Inspekta, si kama aliyeangukiwa."

*

Kipande cha nguzo lazima kilikuwa mahali fulani. Na jirani wa ghorofa ya chini ndiye aliyekuwa na sababu ya kulichukia tangi. Kwa miaka mingi dari yake ilichora ramani za maji, na ngazi nzima ilimsikia akiapa kwamba siku moja atapanda na nyundo. Alikuwa fundi umeme, mnene, mwenye sauti ya mnadani. Alifungua mlango nusu.

"Nimeshasema kituoni! Nilikuwa kazini!"

"Umesema ulikuwa kazini. Lakini wewe ndiye uliyemshusha mzee kwa ngazi mpaka kwenye teksi."

"Nilikuwa narudi kula. Ni kosa?"

Kutoka ndani ya nyumba ulisikika mngurumo wa chini kwa chini, kama mashine iliyofunikwa. Inspekta alitega sikio.

"Nini hicho?"

"Friji."

"Friji liko bafuni?"

Jasho lilimtoka jirani puani. Alijaribu kusimama katikati ya njia, na kwa umbo lake alifaulu kwa sehemu kubwa, lakini Koplo alipita ubavuni na kusukuma mlango wa bafu. Alisimama, akavua kofia.

"Afande, njoo uone."

Beseni la kuogea lilijaa maji. Ndani yake matumbawe yalikuwa yamepangwa juu ya mawe, ya zambarau na ya kijani, yenye vidole vilivyokuwa vikipunga taratibu. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walijibanza pembeni. Pampu ilining'inia kwa waya, taa mbili za kazi zilifungwa kwenye bomba la mvua, na kila kiungo cha umeme kilizungushiwa utepe kwa uangalifu wa mama anayemvisha mtoto.

"Nilichota yaliyobaki kwa ndoo," jirani alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Chumvi aliniazima binti, anajua. Nimesoma kwenye simu joto linalotakiwa. Watatu wamekufa. Hawa nadhani watapona."

"Si uliapa utalivunja?"

"Inspekta, mimi na yule mzee tumegombana miaka kumi na tano. Tulianza mkewe akiwa hai. Alikuwa ananishushia sahani ya chakula kila dari ikivuja, ananiambia samahani. Alipofariki, sahani zikakoma, lakini pampu ile juu ilikuwa inanilaza. Tangu juzi sijalala. Kimya kimezidi." Akajifuta uso. "Sasa naogea kwa ndoo kama kuruta. Msimwambie."

Kipande cha nguzo hakikuwapo. Walipotoka, Koplo alirudisha kofia kichwani, akasema, "Huyo mfute, afande."

"Nimeshamfuta."

*

Seremala alikuwa ameketi kwenye benchi la rumande, mgongo wima. Alikuwa na nywele nyeupe na mikono iliyomzidi mwili. Hakuuliza kuhusu kesi.

"Shemeji anaendeleaje?"

"Ana homa. Wanasubiri." Inspekta aliweka picha juu ya meza. "Stendi uliyoitengeneza wewe ilikuwa na nguzo ya kati."

Aliivuta picha karibu. Kidole chake kilitua, si juu ya stendi, bali juu ya ubao wa meza ya dada yake.

"Picha nzuri," alisema. "Anajua kazi yake, yule."

"Mzee alikuomba uitoe nguzo?"

"Aliomba. Tangi la kuchujia la marehemu halikuenea. Nilimletea jipya, la kisasa, likaenea vizuri. Hakulitaka. Alisema maji yamepita mikononi mwa mkewe miaka yote, yasipite kwenye plastiki. Nilimwambia, shemeji, nguzo ya kati haitoki. Ukitaka, nitavunja yote nianze upya. Akasema basi, yaishe. Nikadhani yameisha."

"Msalaba mdogo wa penseli una maana gani kwa fundi?"

Mabega ya seremala yalishuka kidogo. "Upande wa kutupwa. Unaweka msalaba ili usije ukakata upande usio wake."

"Mafundi wote huweka?"

"Nimefundisha watu wengi."

"Wangapi kati yao wana funguo za nyumba ile?"

Seremala aliisukuma picha kando.

"Uliuona mkato pale pale uliposimama ndani ya maji. Ukajua ni mkono wa nani. Ndiyo maana ukanyamaza."

"Inspekta." Alimtazama sasa, machoni. "Nikikaa hapa, anayeumia ni nani? Ni mimi. Kazi ni yangu, jina ni langu. Niache niumie mimi. Dada yangu aliniachia mmoja tu."

*

Walipopanda tena, mlango wa nyuma wa jikoni ulikuwa wazi ili upepo uikaushe nyumba. Binti alikuwa anakamua taulo kwenye sinki. Mlango ulizuiwa na kabari nene ya mbao, nyeupe, urefu wa mkono, usijifunge. Inspekta aliitoa kwa mguu, akaiokota. Pande nne zilikuwa na rangi. Ncha zote mbili zilikuwa tupu. Karibu na kila ncha palikuwa na msalaba mdogo wa penseli, na mmoja ulikosa mkono.

Taulo liliacha kuchuruzika.

"Mtu aliyekulia karakana hatupi mbao nzuri," Inspekta alisema.

Binti alivuta kigoda, akakaa.

"Keti nawe, afande," alisema. "Nimechoka kusimama na hili."

Alieleza bila kulia. Tangi jipya la kuchujia lilipofungwa, matumbawe yalianza kupauka. Labda yalihitaji muda tu. Kitu kipya huhitaji muda. Lakini baba yake aliyaangalia yakipauka kama anayemuuguza mkewe mara ya pili. Aliacha kula mezani. Aliketi mbele ya kioo na kusema hovyo: gundi ile aliipaka akiwa na mimba yako, siku ile alivaa kanga ya njano, kona hii iliwahi kuvuja akaiziba kwa kidole mpaka nikarudi dukani. Mjomba alikuwa amesafiri kwenda kufunga milango ya shule. Binti akachukua msumeno.

"Nilipima, nikachora, nikaweka msalaba kama nilivyofundishwa. Nikaweka ubao wa kulala, nikafunga skrubu. Nilijiambia nimeongeza nguvu. Tukalirudisha tangi la mama. Matumbawe yakarudisha rangi, afande. Wiki ile baba alikula. Aliimba."

"Na juzi?"

Alitazama mikono yake.

"Ndala ni yako," Inspekta alisema polepole. "Ilikutwa ndani ya stendi, nyuma ya tangi dogo. Haikuelea ikafika huko. Hukuwa jikoni."

"Nilikuwa humo ndani, mpaka kiunoni. Nasafisha kichujio. Nikasikia mbao inalia." Alishika ukingo wa kigoda. "Baba alikuwa kwenye kiti, karibu. Hawezi kuchuchumaa, magoti yamekufa siku nyingi. Sijui alifikaje chini. Aliketi sakafuni, akaingiza mguu chini ya boriti, goti juu, akaukaza. Akasema, toka. Hakupiga kelele. Alisema tu, toka, mama, toka taratibu. Nilijivuta kwa tumbo, ndala ikabaki. Nilipotoa kichwa, ndipo boriti ikashindwa."

Koplo aliacha kuandika.

"Mkasema nini, wewe na yeye?"

"Kwenye teksi aliniambia: ulikuwa jikoni. Basi. Alirudia mpaka akazimia: ulikuwa jikoni, ulikuwa jikoni. Halafu nikasikia mjomba amekamatwa. Nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo namwona baba ananikataza. Chakula nampelekea mjomba kila siku, namwachia askari mlangoni. Sijaweza kumtazama usoni."

*

Homa ilishuka alfajiri. Wakati wa kuona wagonjwa, Inspekta alimkuta Mzee Picha ameegemezwa mito, mdogo kuliko alivyomkumbuka, mguu umefungwa bendeji na vyuma. Alimtambua mara moja.

"Wewe ni yule uliyekataa kucheka. Picha ya darasa la kwanza. Mke wangu alisimama nyuma yangu akacheza kama kichaa, bado ukakataa."

"Nilikuwa na pengo, mzee."

"Nililiona. Ndiyo maana sikukulazimisha." Alifumba macho, akafumbua. "Mfungulie shemeji. Nguzo nilikata mimi. Peke yangu. Na nilikuwa peke yangu lilipoanguka."

"Uliingiaje humo ndani na magoti hayo?"

"Niliingia."

"Msumeno ulishikaje?"

"Nilishika! Wewe andika, mwanangu. Mimi ni mzee, nimevunjika tayari, mtanifanya nini?"

"Baba." Binti alikuwa ameingia, amesimama penye pazia. "Nimeshasema yote."

Mzee alimgeukia. Kwanza uso ulikaza, kama mtu anayetaka kumkaripia mtoto mbele za wageni. Kisha midomo ikaanza kucheza, akaufunika uso kwa mkono wenye sindano ya dripu.

"Nilikwambia ulikuwa jikoni," alisema.

"Sikuwa jikoni."

"Najua hukuwa jikoni! Ningekuwa nalala hapa kama ungekuwa jikoni?"

Binti alipiga magoti kando ya kitanda, akalaza kichwa kwenye shuka. Inspekta alitoka nje ya pazia, akajishughulisha na dirisha.

Seremala alifika muda si mrefu, ametolewa asubuhi hiyo kwa amri aliyoisaini yeye Inspekta, shati limekunjamana. Alisimama upande wa miguu wa kitanda. Mashemeji wawili walitazamana.

"Uliniambia hapana," mzee alisema.

"Nilikwambia hapana."

"Basi sema."

"Nimeshasema hapana, nirudie ya nini?" Akavuta kiti. "Alikuwa ananihangaisha hivyo hivyo tangu utoto, dada yangu. Kitu akikitengeneza kwa mkono wake, hataki kitoke. Umeshika tabia yake."

Ndipo binti akainua uso. Alitambaa kwa magoti mpaka miguuni pa mjomba wake.

"Mjomba, nimekuacha ulale sakafuni kwa kosa langu. Nikijua."

Seremala alimshika kiwiko. Chumba kizima kilisubiri; hata muuguzi aliyekuja na dawa alisimama.

"Sakafuni nimelala sana kabla hujazaliwa," alisema. "Inuka, sakafu ya hospitali chafu. Na mchuzi wa jana ulizidisha chumvi."

Mzee Picha alicheka mpaka akajishika mbavu, na muuguzi akapata nafasi ya kuwagombeza wote.

Inspekta alisubiri mpaka palipotulia. Kazi ilikuwa haijaisha. Binti alikuwa ametoa maelezo ya uongo, mtu amelazwa rumande kwayo. Lazima aende kituoni aandike mapya na kuyatia sahihi, na mwendesha mashtaka aamue. Alimwambia hivyo, kwa upole lakini mbele ya wote. Binti alijifuta uso, akamfunika baba yake vizuri, akasema yuko tayari.

Seremala naye aliinuka, akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Wewe umeachiwa, fundi," Koplo alimkumbusha. "Nenda nyumbani ukaoge, ulale."

"Nitaoga."

Walishuka ngazi za hospitali wote wanne. Seremala alitembea upande wa barabara, binti akiwa upande wa ukuta, kama anavyotembezwa mtoto. Mwendesha mashtaka, baadaye, alimpa binti onyo kali na kumrudisha nyumbani. Mkasa wa tangi ukaandikwa kuwa ajali. Lakini asubuhi hiyo hakuna aliyelijua hilo. Kituoni, binti alipoingia ofisini na mlango kufungwa, seremala alikaa kwenye benchi la nje, lile lile alilokalishwa siku ya kukamatwa.

Askari wa zamu alimtambua, akashtuka. "Mzee, si tumekutoa sasa hivi? Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu," alisema, akanyoosha miguu. "Namsubiri mtoto wa dada yangu."